Viti vya magari ya utalii: bei ya mita si gharama ya kiti

Masika yanapoanza, magari ya utalii hurudi Arusha kupumzika. Kati ya Machi na Mei wageni hupungua, barabara za hifadhini hugeuka matope, na wenye magari hupata nafasi ya kushughulikia springi, bodi, rangi na viti kabla ya msimu mkubwa wa Juni hadi Oktoba. Kwa fundi viti wa Kimandolu, kwenye barabara kuu iendayo Moshi, hiki ndicho kipindi cha mavuno. Kwa mwenye gari ni kinyume chake. Mapato yamekatika, matengenezo yote yanadai kwa wakati mmoja, na kiti ndicho kinachoonekana kuwa kitu cha kubania.

Hapo ndipo kosa hutendeka. Mwenye gari hulinganisha bei ya mita moja ya kitambaa na mita nyingine, huchukua iliyo rahisi, na kufikapo Agosti mshono umeachia, rangi imepauka na sponji inachungulia. Kampuni inayokodi magari ya watu binafsi kuongezea yake haina sababu ya kumpandisha mgeni aliyelipa dola kwenye kiti kilichochanika. Gari lenye injini nzuri linaweza kukosa kazi kwa sababu ya viti. Kwa mtu mwenye gari moja tu, tena la mkopo, hilo si jambo la urembo.

Swali la soko, basi, ni hili: kati ya bidhaa zinazoshonewa viti, ipi inadumu, kwa sababu gani, na je, tofauti ya bei inarudi?

Adui wanne wa kiti

Kabla ya kulinganisha vitambaa ni vizuri kujua kiti cha safari kinakabiliwa na nini. Adui wa kwanza ni jua. Magari ya Arusha yana paa linaloinuka ili wageni wasimame kutazama wanyama, na paa likiwa wazi kiti hakina kioo cha kukikinga. Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa bonde la Ngorongoro hufikia mita 2,300 hivi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kiti kilicho Ngorongoro huchomwa zaidi ya kiti kilicho Tanga, hata kama hewa ya Ngorongoro ni baridi.

Adui wa pili ni vumbi. Lami huishia lango la Lodoare, na mbele ya hapo mpaka Serengeti ni changarawe na udongo wa majivu ya volkano. Vumbi hilo ni laini kwa macho lakini punje zake ni kali. Likiingia kati ya nyuzi, kila mtikisiko wa gari huligeuza msasa.

Adui wa tatu ni mtikisiko wenyewe, ambao huvuta mishono na kuponda sponji. Wa nne ni mgeni. Jasho na mafuta ya kukinga jua huchafua kiti, lakini mbaya zaidi ni dawa ya kufukuza mbu yenye DEET. Dawa hiyo huharibu plastiki, aina kadhaa za nyuzi za viwandani, na hata ngozi. Haina madhara kwa pamba, sufu wala nailoni. Alama za kunata zinazobaki kwenye mikono ya viti, ambazo mwenye gari hudhani ni uchafu usiotoka, mara nyingine ni plastiki iliyoyeyushwa na dawa hiyo.

Ukiitazama orodha hii, kiti cha gari la utalii kinafanana zaidi na kiti cha boti kuliko na kiti cha gari dogo la mjini. Vyote viwili hukaa wazi juani, hulowa mara kwa mara na kutikiswa kutwa nzima. Tofauti ni kwamba boti hupigana na chumvi na safari hupigana na vumbi. Ndiyo maana bidhaa iliyotengenezwa kwa ajili ya boti inastahili kuingizwa katika hesabu, ingawa bahari iko mbali na Mlima Meru.

Reksini: jina moja, bidhaa tatu

Bidhaa inayotumika sana ni ngozi ya bandia. Wazee huiita reksini, na vijana wengi huiita leza. Jina la kwanza limetokana na Rexine, alama ya biashara ya Kiingereza ya kitambaa kilichopakwa ili kifanane na ngozi, kilichotengenezwa Hyde, karibu na Manchester. Siku hizi jina hilo hutumika ovyo kwa bidhaa tatu ambazo hazifanani kabisa kwa uimara.

Ya kwanza ni reksini nyepesi ya PVC, iliyokusudiwa makochi ya sebuleni. PVC kwa asili ni ngumu kama bomba la maji. Hulainishwa kwa kemikali maalumu, na ulaini huo haukai milele. Joto la jua huzitoa kemikali hizo kidogo kidogo. Zinapokwisha, reksini hukakamaa, hupasuka penye mikunjo, kisha hubanduka. Gari likisimama uani bila kazi, mwendo huo hauachi. Wenye magari waliona jambo hilo kuanzia Machi 2020, utalii uliposimama duniani kwa sababu ya UVIKO-19. Gari lisilotembea halili tairi, lakini likiegeshwa juani viti vyake huendelea kuzeeka.

Ya pili ni PVC nzito ya boti. Kimsingi ni plastiki ileile, lakini imeongezwa dawa za kuzuia mionzi ya jua na ukungu, tabaka lake la juu ni nene zaidi, na mgongo wake ni kitambaa cha poliesta kilichosukwa vizuri. Hairuhusu vumbi wala maji kupita, hufutwa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, na hustahimili jua kwa muda mrefu zaidi kuliko nyepesi. Kasoro yake ni joto: mgeni akikaa saa nne mgongo hulowa. Wala DEET haiiogopi kwa kuwa imeandikwa ni ya boti.

Ya tatu ni PU. Hii ndiyo inayodanganya wengi. Mkononi ni laini, hukunjika vizuri na inafanana na ngozi halisi kuliko PVC. Lakini nyingi za bei ya chini huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa pamoja na jasho, na baada ya miaka michache hubanduka vipande vipande kama gamba la nyoka. Hubanduka hata bila kutumika. Kwa kochi la ofisini inaweza kufaa. Kwa gari la safari ni fedha iliyotupwa.

Turubai, ngozi na kitambaa cha manyoya

Turubai la pamba, si lile la plastiki la kufunikia mizigo, lina sifa yake. Linapumua, halichomi mapaja ya mgeni, halidhuriki na DEET, na rangi yake ya kaki huficha vumbi. Lakini vumbi hupita, maji hupita, na likilowa likafungiwa ndani ya gari hupata ukungu. Likishonwa bila kufuliwa kwanza, hunywea baada ya kufuliwa mara ya kwanza na kuacha kiti kikibana. Kwa hiyo turubai hufaa zaidi kama kava la kuvua na kufua, linalovishwa juu ya kiti cha reksini. Mpango huo wa nguo mbili hutumia kila bidhaa kwa lile inaloliweza: reksini huzuia maji na vumbi kufika kwenye sponji, turubai hupokea jasho na dawa ya mbu.

Ngozi halisi ni fahari, na mkoa jirani una viwanda vyake. Moshi kuna kiwanda cha Karanga, ubia wa Jeshi la Magereza na Mfuko wa PSSSF, kinachojulikana zaidi kwa viatu. Ngozi huuzwa kwa futi za mraba, na hapo hesabu hubadilika, kwa maana ngozi haina umbo la jora. Kiunga kimoja chenye alama za kupe, za chuma cha moto au mikato ya kisu cha mchunaji huacha mabaki mengi. Ngozi nzuri ikipakwa mafuta yake mara kwa mara hudumu kuliko vyote vilivyotajwa. Ikiachwa juani bila matunzo hukauka na kupasuka, na DEET huidhuru pia. Anayeichagua anunue na kazi ya kuitunza.

Kitambaa cha manyoya, kile cha hiace za abiria ambazo watu wa Arusha walizoea kuziita vifodi, ni kizuri kwa abiria wa mjini anayekaa dakika ishirini. Kwenye vumbi la Serengeti hugeuka kapu la kukusanyia udongo, na kukisafisha kunahitaji maji mengi na siku nzima ya kukausha.

Mshono na sponji

Wengi humlaumu muuza kitambaa kwa kosa la uzi. Kiti kinachoachia kwenye mshono wakati kitambaa chenyewe bado kizima hakikushindwa na kitambaa. Uzi wa pamba huoza kwa unyevu. Uzi wa nailoni una nguvu sana siku ya kwanza, lakini jua huudhoofisha. Uzi mnene wa poliesta hustahimili jua vizuri zaidi, na ndio unaofaa mishono iliyo wazi. Katika gharama nzima ya kiti, uzi ni sehemu ndogo mno. Kuubania ni sawa na kujenga nyumba ya matofali kwa udongo wa tope.

Urefu wa hatua ya mshono nao una maana yake. Fundi anayeweka hatua fupi akidhani anaimarisha, hutoboa reksini matundu yaliyokaribiana kama ukingo wa stempu, na itachanika kama stempu. Hatua ya milimita 3 hadi 4 hutosha kwa bidhaa nzito.

Sponji nayo huuzwa kwa unene wakati thamani yake ni uzito. Ubora wake hupimwa kwa kilo kwa mita ya ujazo. Ya kilo 16 hadi 20 hufaa mgongo wa kiti, lakini mahali pa kukalia panataka kilo 30 au zaidi. Hakuna haja ya maabara. Kipande cha sentimita 50 kwa 50, chenye unene wa sentimita 10, kikiwekwa kwenye mizani ya duka kinapaswa kuwa na gramu 800 ikiwa ni sponji ya kilo 32. Kikiwa na gramu 400, hiyo ni ya kilo 16, na itakaa chini kabla msimu haujaisha. Tahadhari ni moja: sponji ya makombo yaliyogandishwa huwa nzito bila kuwa bora, kwa hiyo ikatwe na kutazamwa ndani kwanza. Sponji ikilala, kitambaa hulegea, hufanya mikunjo, na mikunjo ndiyo inayopasuka kwanza. Kitambaa kizuri juu ya sponji mbaya hakimalizi umri wake.

Hesabu ya misimu 3

Bei za reksini hubadilika kila shehena, hivyo tarakimu zifuatazo ni za mfano wa kukokotolea tu, wala si bei za duka lolote. Kila mwenye gari anaweza kuweka zake.

Tuchukue gari lenye viti 8, kila kiti kikila mita 2, jumla mita 16. Reksini nyepesi iwe sh. 10,000 kwa mita na nzito ya boti sh. 25,000. Ufundi uwe sh. 30,000 kwa kiti, yaani sh. 240,000 kwa gari. Sponji na uzi viwe sh. 160,000.

Kwa reksini nyepesi, kitambaa ni sh. 160,000 na kazi nzima sh. 560,000. Kwa nzito, kitambaa ni sh. 400,000 na kazi nzima sh. 800,000. Tofauti ya siku ya kwanza ni sh. 240,000, na hiyo ndiyo humtisha mwenye gari.

Sasa tuseme nyepesi inadumu msimu mmoja. Mwaka wa pili na wa tatu sponji inabaki, lakini kitambaa na ufundi hulipwa upya, sh. 400,000 kila mara. Katika miaka 3 mwenye gari ametoa sh. 1,360,000. Yule wa nzito, ikiwa imedumu miaka yote 3, ametoa sh. 800,000. Hata ikidumu miaka 2 tu, tayari imeshinda, kwa kuwa nyepesi kufikia hapo imekwishakula sh. 960,000.

Sababu yake ni rahisi kuiona. Katika mfano huu kitambaa chepesi ni chini ya theluthi moja ya gharama, lakini ndicho kinachoamua umri wa kazi nzima. Fundi halipwi nusu kwa sababu kitambaa ni cha nusu bei. Anayeokoa kwenye mita hulipa tena kwenye ufundi. Na hesabu hii haijaweka siku ambazo gari litalala kwa fundi mwezi wa Julai wakati wenzake wako Serengeti. Siku moja ya kukodiwa iliyopotea inaweza kuifuta akiba yote.

Asiye na fedha kamili

Pamoja na hayo, si haki kumwita mjinga anayenunua nyepesi. Uamuzi hufanyika Aprili, mfuko ukiwa mtupu, na tofauti ya sh. 240,000 katika mfano huu ni fedha ambayo hana, hata kama ataiokoa mwakani. Kwake zipo njia tatu za kati.

Njia ya kwanza ni kuchanganya. Bidhaa nzito iwekwe mahali pa kukalia na kuegemea, nyepesi iwekwe pembeni na nyuma ya kiti ambako hakuna msuguano. Kwa kuwa bidhaa mbili hazipauki kwa mwendo mmoja, zichaguliwe rangi mbili tofauti kabisa tangu mwanzo, ili kupauka kusionekane kama kiraka.

Njia ya pili ni kuanza na viti vilivyo chini ya paa linaloinuka, ambavyo hupigwa zaidi na jua, na kuviacha vingine msimu ujao. Ya tatu ni kushona makava ya turubai juu ya viti vilivyochakaa lakini bado vizima, kama hatua ya msimu mmoja tu, huku fedha za kazi kamili zikiwekwa kando kila safari inapolipwa.

Katika kuchagua rangi, nyeusi hupata joto kali. Tena mitego ya mbung'o hutengenezwa kwa vitambaa vya buluu na nyeusi kwa sababu wadudu hao huvutwa na rangi hizo, na gari linalokwenda Tarangire halina haja ya kuwaalika. Kaki na kijani cha majani makavu ni salama zaidi.

Kupima kabla ya kulipa

Majora mengine huja na cheti chenye namba za kipimo cha Martindale, ambapo mashine hukisugua kitambaa na kuhesabu mizunguko hadi kilegee. Namba kubwa ni njema, lakini haisemi lolote kuhusu jua wala mshono. Uimara wa rangi juani hupimwa kivyake, kwa daraja la 1 hadi 8, na kwa Arusha daraja hilo ni la kuulizwa kwanza.

Pasipo cheti, mnunuzi ana vipimo vyake. Ageuze jora atazame mgongo: kitambaa kilichosukwa ni imara kuliko pamba iliyobandikwa. Akunje kona kwa nguvu, na mstari mweupe ukibaki, aiache. Asugue kwa kitambaa cheupe chenye maji aone kama rangi inatoka. Atoboe kwa sindano karibu na ukingo, avute, aone kama tundu linakimbia. Mwenye subira achukue kipande, akipigilie juu ya paa nusu kikiwa juani na nusu kimefunikwa kwa bati, akakitazame baada ya miezi michache.

La mwisho linamhusu fundi. Reksini mbovu ikipasuka, lawama humwangukia yeye hata kama mteja ndiye aliyeileta. Karatasi moja yenye tarehe, aina ya kitambaa, aina ya uzi na uzito wa sponji, pamoja na kipande cha sampuli kilichobanwa nyuma yake kwa pini, ingemlinda yeye na mteja wake. Kiti kikiharibika, wote wawili watajua kilichoharibika ni nini, na msimu unaofuata wataanza na jibu badala ya ugomvi.

Waswahili husema rahisi ni ghali. Kwa mwenye gari, mita iliyo rahisi ni ghali pale inapolipiwa ufundi mara tatu. Masika ni mafupi, na anayetaka kuingia Juni na viti vya kudumu aanze kwa mizani, sindano na kalamu kabla hajafungua pochi.